Siku Tatu za Kungoja Meli

Bertila alimkana mwanaume aliyempenda saa kumi alasiri, siku ya tano ya likizo yao, akiwa amekaa chini ya kivuli cha mzabibu, miguu yake ikiwa bado na mchanga wa bahari. Hakumkana kwa hasira, wala hakukusudia. Maneno yalimtoka kabla hajayafikiri, na yalipokwisha kutoka hakukuwa na namna ya kuyarudisha.

Walikuwa wametoka Dallas pamoja, Ijumaa ya mwisho wa Agosti. Bertila alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na mitatu, mzaliwa wa Bukoba, mfanyakazi wa kampuni moja ya bima kule Plano, jirani na Dallas. Zéphyrin alimzidi miaka mitatu. Yeye alizaliwa Fizi, upande wa Kongo, akakulia katika kambi ya wakimbizi Kigoma kwa miaka kumi na saba, kisha akaletwa Marekani pamoja na mama yake, wakapangishiwa chumba na sebule mtaa wa Vickery Meadow, Dallas. Alianza kwa kupakia maboksi kwenye ghala, na sasa alikuwa msimamizi wa zamu kwenye ghala hilohilo. Walikutana kwenye misa ya Kiswahili, Jumapili moja Bertila alipochelewa akakosa pa kukaa. Zéphyrin alisimama akampisha, akasali amesimama hadi mwisho, na Bertila hakusikia neno hata moja la mahubiri siku ile.

Wazo la kisiwa lilikuwa la Zéphyrin. Miezi minane nyuma alikuwa amepata uraia, na paspoti aliiweka kwenye droo ya mashati ili aione kila asubuhi. Alimwambia Bertila kwamba hataki mji mkubwa wala hoteli ya ghorofa. Anataka mahali pa kimya, ambapo mashine za ghala hazitamfuata masikioni.

"Kila safari yenye nilifanyaka, nilikuwa nakimbia kitu," alisema. "Nataka safari moja ya kupumzika tu."

Wakatafuta wiki nyingi kwenye mtandao mpaka wakakipata: kisiwa kidogo cha Ugiriki ambacho hakina uwanja wa ndege, hakina taa za barabarani, na meli hufika mara mbili tu kwa wiki, Jumatano na Jumamosi. Walifika Jumamosi mchana. Palikuwa na kijiji kimoja cha nyumba za mawe, mbuzi waliolala katikati ya barabara bila wasiwasi, miti ya tini iliyoinamia kuta kwa uzito wa matunda, na bahari safi kiasi kwamba mtu alihesabu vidole vyake vya miguu akiwa ndani ya maji hadi kifuani. Walipanga chumba kwa mama mmoja mjane aliyeitwa Despina, aliyejua maneno kama ishirini ya Kiingereza na kuyatumia yote kila asubuhi.

Siku nne za kwanza Bertila alizikumbuka baadaye kama mtu anavyokumbuka afya yake baada ya kuugua. Zéphyrin alilala. Alilala mchana, mdomo wazi, kama mtoto aliyechoka kucheza. Hakujua kuogelea, kwa hiyo Bertila alimfundisha kuelea. Alimshika mgongo kwa viganja viwili akamwambia alegee, naye akalegea, akafumba macho, uso wake ukielekea mbinguni. Siku ya tatu Bertila aliondoa viganja vyake polepole, na Zéphyrin akaendelea kuelea bila kujua. Alipofumbua macho na kumwona amesimama mbali, alicheka mpaka akanywa maji.

Lakini safari hiyo ilikuwa na uongo ndani yake, na uongo huo ulikuwa wa Bertila.

Kaka yake, Method, alikuwa mhandisi Houston. Baba yao alipofariki, Bertila alikuwa na miaka kumi na mmoja, na tangu siku hiyo Method ndiye aliyekuwa baba. Yeye ndiye aliyemleta Marekani, ndiye aliyemfundisha kuendesha gari, ndiye aliyelala hospitalini wiki nzima Bertila alipopasuliwa. Miaka miwili nyuma, Bertila alipomtajia jina la Zéphyrin, Method alisikiliza hadi mwisho kisha akauliza swali moja: ukoo wa mtu huyo wataenda kuuulizia wapi, na kwa nani? Alikataa kumwona. Alikataa hata kuangalia picha. Bertila, ambaye hajawahi kushindana na kaka yake katika jambo lolote, alirudi Dallas, na mwezi uliofuata akampigia simu kumwambia kwamba yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha hata kidogo. Kila Krismasi alikwenda Houston peke yake, na kila mara Zéphyrin alimjazia mafuta gari, akamwambia asalimie.

Sasa Method aliamini kwamba dada yake yuko Ugiriki na wanawake wawili wa ofisini.

Jumatano ile meli ilikuja asubuhi, ikashusha magunia ya unga na wasafiri wawili, ikaondoka. Alasiri simu ya Bertila iliita. Ilikuwa ya video, na alishaacha kupokea mara mbili tangu wafike. Akaona akiacha ya tatu kaka yake ataingiwa na wasiwasi. Akapokea. Method alikuwa jikoni kwake, tai imening'inia shingoni bado hajaifunga, anakunywa chai kabla ya kwenda kazini. Akamuuliza habari za bahari, akamtania kwamba ameiva kama mtu aliyetoka shamba.

Zéphyrin alikuwa ndani akikata tikiti maji. Hakujua kwamba kuna simu. Akatoka na sahani mkononi, shati jeupe, taulo dogo begani.

"Huyo nani?" Method akauliza.

"Nani?"

"Huyo kaka mweusi nyuma yako."

"Mhudumu wa hoteli," Bertila akasema.

Method akacheka kidogo, akasema kumbe hata huko weusi wapo, akaendelea kueleza habari za foleni za Houston.

Zéphyrin alikuwa hatua mbili kutoka kwenye kiti. Hakusimama, wala hakupunguza mwendo. Aliweka sahani mezani, akapanga uma pembeni yake, akanyoosha kitambaa. Kisha, kwa Kiingereza na kwa adabu zote, akauliza kama mama angependa kitu kingine chochote.

"Hapana, asante," Bertila akajibu.

Yeye mwenyewe alisikia sauti yake ikijibu hivyo.

Simu iliendelea kwa dakika sita zaidi. Ilipokatika aliingia ndani mbio, akamkuta Zéphyrin anaosha kisu. Alikuwa anakiosha muda mrefu kuliko kisu kinavyohitaji.

"Zéphy, nisamehe. Nilibabaika."

"Najua."

"Sikumaanisha. Unajua sikumaanisha."

Akakausha kisu, akakirudisha mahali pake. "Meli ingine iko lini?"

"Jumamosi."

"Basi tutangoja," akasema. "Mimi kungoja najua."

Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomtisha Bertila. Angemtukana, wangegombana, wangelia, wangepatana. Badala yake, jioni ile Zéphyrin alimpakulia chakula kama kawaida, akamuuliza kama amepaka dawa mabega yaliyoungua na jua, kisha akachukua shuka moja akaenda kulala kwenye benchi la nje.

Alhamisi alasiri Bertila alimkuta ufukweni. Alikuwa amekaa mawimbi yanapoishia, suruali imekunjwa hadi magotini, lakini hakuingia majini. Bertila akakaa pembeni yake. Kwa muda mrefu walisikiliza kengele za mbuzi kutoka mlimani. Ukimya ule waliokuwa wameufuata kutoka Dallas sasa ulikuwa umewakalia wote wawili, na hapakuwa na mahali pa kuukimbilia.

"Ungesema ni rafiki, ningemeza," Zéphyrin akaanza, macho yake yakiwa baharini. "Ungekata simu, tungecheka. Lakini ulitafuta neno ya haraka yenye ingenifaa, na neno yenye ilikuja ni boyi."

"Sikusema boi. Nilisema mhudumu."

"Bertila."

Alilitaja jina lake tu.

"Kazi ya boyi si mubaya," akaendelea. "Mama yangu anaosha wazee kila siku, sijawahi kuona haya. Si kazi yenye iliniumiza. Miaka mbili nakaa inje ya mulango ya kaka yako. Sikuchoka, juu nilikuwa nafikiri weye uko inje pamoja na miye. Jana njo niliona uko ndani."

Bertila alilia hapo. Zéphyrin alimwacha alie, akamshika kisigino kilichokuwa karibu naye, akakipangusa mchanga bila kuonekana kujua anachofanya. Bertila alipoweza kusema, alisema atampigia kaka yake sasa hivi, saa ileile, amwambie kila kitu. Zéphyrin akamwambia asifanye kwa sababu ya kumbembeleza. Akasema si kwa kubembeleza. Akachukua simu, akapanda njia ya mawe mpaka juu kwenye kanisa dogo la kijiji, ambako mtandao ulikuwa na nguvu, na njiani alikuwa anajifunza sentensi yake kama mwanafunzi: kaka, yule uliyemwona jana ndiye Zéphyrin.

Method alipokea kwa furaha. Alikuwa amepigiwa na mama yao kutoka Bukoba, mguu wake uliokuwa ukimsumbua unaendelea vizuri, mama ameanza kutembea hadi kanisani. Halafu akasema kwamba Jumatatu, kwa kuwa ni sikukuu na hakuna kazi, amemwalika chakula daktari mmoja kijana, Vicent, wa kwao Muleba, mtu mpole sana, na angefurahi kama Bertila angefika. Mama naye angefurahi. Hakumlazimisha. Alisema tu kwamba amekua sasa, na yeye kama kaka anataka kumwona ametulia kabla mama hajaondoka duniani.

Bertila alifungua mdomo. Sentensi yake ilikuwa palepale.

"Sawa, kaka," akasema. "Nitakuja."

Alishuka taratibu. Zéphyrin alimtazama akija, na kabla hajafika alikuwa ameshaelewa.

"Sikuweza," Bertila akasema.

"Asante kwa kunisemea kweli."

Siku ya Ijumaa Despina aliwaandalia chakula cha mchana cha kuwaaga. Tangu siku ya kwanza mama yule aliamini kwamba ni mume na mke, na hakuna aliyemsahihisha. Alitandika meza uani, akaleta samaki wawili wa kuchoma, nyanya, jibini jeupe na tini zilizopasuka kwa kuiva. Hawakuwa na hamu ya kula, lakini walikula, kwa sababu alikuwa amesimama hapo anawaangalia kama mama mkwe. Akawauliza kwa mikono kama wana watoto. Zéphyrin akatabasamu akatikisa kichwa. Mama yule akawahurumia, akachukua mkono wa Bertila na mkono wa Zéphyrin akaiweka mmoja juu ya mwingine mezani, akasema maneno marefu ya Kigiriki, kisha akaenda kuleta mkate.

Mikono ilibaki vile alivyoiacha. Mkono wa Zéphyrin ulikuwa na joto lilelile. Bertila hakuthubutu hata kupumua kwa nguvu. Despina aliporudi, Zéphyrin aliuondoa mkono wake polepole, ili apokee mkate.

Jumamosi meli ilikuja kwa wakati wake.

Safari ya kurudi ilikuwa ndefu na ya heshima. Walilala Athene vitanda viwili, wakapanda ndege Jumapili. Juu ya Atlantiki Bertila alisinzia, na alipozinduka alikuta amefunikwa blanketi mbili, yake na ya Zéphyrin. Alimtazama. Alikuwa macho, anaangalia kiti kilicho mbele yake.

Walipotoka pale wanapopokelewa wageni, uwanja wa Dallas–Fort Worth, vigelegele vikapasuka. Watu wakageuka. Wanawake wanne walikuwa wamesimama wamevaa kitenge cha sare, maua mikononi, na mbele yao alikuwa Mama Bernadette, mama yake Zéphyrin, ambaye tangu siku ya kwanza alimwita Bertila mtoto wake na hakuwahi kumuuliza ukoo. Pembeni yake alikuwa Merveille, binamu wa Zéphyrin, anapiga picha kwa simu. Bertila hakuelewa. Akafikiri labda kuna mgeni mwingine. Kisha akaona macho ya Merveille yakishuka hadi kwenye mkono wake wa kushoto, yakatafuta kwenye vidole, yakainuka tena, na Merveille akashusha simu.

Hapo akaelewa kile Zéphyrin alichokwenda kumuuliza kwenye kile kisiwa, na kwa nini hakumuuliza.

Mama Bernadette hakuwa ameona. Alimkumbatia, akamfunga kitenge cha sare kiunoni juu ya suruali yake ya safari, akasema, "Karibu kwako, mutoto wangu. Sasa tunakuita muke yetu."

"Mama," Zéphyrin akasema kwa upole. "Tutaongelea nyumbani."

Mama yake akamtazama usoni. Vigelegele vikakatika kimoja kimoja. Zéphyrin akabeba begi la Bertila hadi kwenye gari lake, akaliweka nyuma, akafunga buti, akamwambia afike salama. Akarudi kwa wanawake wale, akamshika mama yake mkono, wakaondoka. Bertila alibaki amekaa nyuma ya usukani, kitenge kiunoni, mpaka mlinzi alipokuja kumgongea kioo.

Kesho yake aliendesha hadi Houston. Saa nne za barabara hakufungua redio. Alipofika, wifi yake Angel alikuwa anapakua ndizi, Vicent ameketi sebuleni, kijana mtaratibu kweli kama alivyosifiwa. Wakasali, wakaanza kula. Bertila hakungoja apate ujasiri, kwa maana alikuwa ameshajua kwamba haumjii. Alisema vilevile alivyo, mbele ya wote. Alisema kwamba Zéphyrin hakuwahi kuachwa, kwamba kwa miaka miwili amekuwa akidanganya, na kwamba hakwenda Ugiriki na wanawake.

Vicent akainuka, akaomba radhi, akasema anakwenda kuangalia kitu kwenye gari lake.

Method alifuta vidole kwa kitambaa. Kisha akauliza, "Yule aliyeleta tikiti maji?"

"Ndiye, kaka."

"Aliyeuliza kama unataka kitu kingine?"

"Ndiye."

Method akasukuma sahani yake mbele. Bertila alikuwa amejiandaa kwa hasira ya ukoo na heshima na mama aliye Bukoba, lakini aliyoiona usoni mwa kaka yake haikuwa hiyo.

"Miaka minne nilibeba trei za chakula kwenye hoteli ya mji huuhuu," Method akasema. "Hujui, sikuwahi kuwaambia huko nyumbani. Watu walikuwa wananipita kama wanapita ukuta. Usiku nilikuwa nalala najiambia kwamba yupo mtu mmoja duniani anayejua mimi ni nani." Akamtazama dada yake. "Nilikataa kumwona, ni kweli. Hilo ni langu, nitalijibu. Lakini mimi sikuwa nimemwambia kwamba nampenda."

Angel akaweka mwiko chini. Method akanyoosha mkono, akasema, "Nipe namba yake."

Alitoka nayo uani. Kupitia mlango wa kioo Bertila alimwona akitembea kando ya uzio, mkono nyuma, kichwa kimeinama kama mtu anayezungumza na mkubwa wake. Walizungumza dakika ishirini. Mara moja Method alicheka, na kicheko kile kilimpa Bertila tumaini kubwa hata akashika ukingo wa meza. Kisha kaka yake akarudi ndani, macho mekundu, akampa simu.

"Kaka yako ni mutu muzuri," Zéphyrin akasema. "Ningependa kumujua."

"Utamjua. Zéphy, anataka uje. Jumapili hii, au siku yoyote utakayo."

"Aliniambia. Nimemwambia asante, na nimemwambia sitakuja."

Bertila alikwenda kusimama kwenye ukumbi, mbali na wengine. "Nimekwishasema yote," akanong'ona. "Mbele ya watu. Sina siri tena."

"Najua, na najua ilikuwa nguvu kusema. Nilifurahi, kweli." Alivuta pumzi. "Lakini ile siku ningeingia kwake, ningekaa kwa meza, halafu ningekuwa naangalia uso yako. Kila mutu akiingia, ningeangalia uso yako kwanza, juu nijue leo miye ni nani. Siwezi kuishi vile, chérie. Nilishaishi vile miaka mingi sana."

"Hunipendi tena?"

"Usiniulize hiyo," akasema. "Unajua jibu yake, na haitatusaidia."

Bertila akaegemea ukuta. Alitaka kusema kwamba atangoja, lakini neno hilo lilikuwa la Zéphyrin na hakuona kama ana haki ya kulichukua. Akamwomba amsalimie mama. Zéphyrin akasema atamsalimia. Akamwambia asiendeshe gari na machozi, alale hapohapo Houston, aondoke asubuhi.

Bertila akangoja Zéphyrin akate simu. Zéphyrin hakukata. Walikaa hivyo, kila mmoja akisikiliza pumzi za mwenzake, na kadiri dakika zilivyokwenda Bertila alitambua kwamba mwanaume huyu hangeweza, kwamba angeshikilia simu ile sikioni hadi chaji iishe kuliko kumkatia yeye. Basi akaiondoa sikioni, akaitazama mara ya mwisho namba ile ikihesabu sekunde zake, akabonyeza kitufe chekundu kwa kidole chake mwenyewe. Hakuwa amebakiwa na kingine cha kumfanyia.